NANI ANACHORA RAMANI YA KAZI YETU?

Somo kwa vikundi vya mafunzo vya matawi



Wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Tanganyika wakati wa ukoloni walikijua vizuri kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30. Mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa, siku yake ilitiwa alama. Asipoimaliza, hata kama alikata mkonge tangu alfajiri, siku hiyo haikuhesabiwa. Malipo yake yalingoja mpaka nafasi zote 30 zijae.

Kwa macho kipande kilikuwa karatasi tu. Lakini ndani ya karatasi ile kulikuwa na maamuzi mazito: siku ya kazi ni nini, kipimo chake ni kiasi gani, anayeumwa atendewe nini, na nani mwenye haki ya kutia alama. Aliyeichora kadi ndiye aliyeyaamua mambo hayo yote. Mkata mkonge hakuulizwa. Alikabidhiwa kadi tu.

Leo kadi imeingia ndani ya kompyuta. Saa ya kuingia kiwandani, kilo za majani ya chai, idadi ya mashati yaliyoshonwa, dakika mashine iliposimama, yote yanaandikwa na mtambo na kupelekwa ofisini, mara nyingine ofisi iliyoko nchi nyingine. Hatuwezi kusema mtambo huo umeanguka kutoka mbinguni. Kuna watu waliokaa mezani wakauchora. Katika somo hili tutajiuliza watu hao ni nani, wanaamua pamoja na nani, na wafanyakazi wanawezaje kuingia katika maamuzi hayo kabla wino haujakauka. Tutajifunza kwa wenzetu wa Norwe, Uswidi na Denmaki, ambao walilishughulikia jambo hili kupitia vyama vyao kuanzia miaka ya 1970. Kisha tutarudi nyumbani na kufanya zoezi letu wenyewe.

1. Usanifu wa kampuni ni nini?

Sote tunamjua msanifu wa majengo. Kabla nyumba haijajengwa, yeye huichora: mlango hapa, jiko pale, dirisha upande ule. Mwenye nyumba akitaka jiko lisogezwe, ni kufuta mstari na kuchora mwingine. Lakini ukuta ukishasimama, kulisogeza jiko ni kubomoa, na kubomoa ni gharama.

Kampuni kubwa nazo zina wasanifu wao. Hawa hawachori kuta. Wanachora jinsi kazi inavyopita katika kampuni nzima: oda inaingiaje, nani anaipokea, mashine gani inatoa habari kwa mashine gani, habari gani inaandikwa juu ya mfanyakazi, na nani anaruhusiwa kuisoma. Mwaka 1987 John Zachman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM ya Marekani, alichapisha makala iliyofananisha kazi hiyo na kazi ya msanifu wa majengo. Makala hiyo ilisomwa sana, na tangu hapo usanifu wa kampuni umekuwa fani kamili yenye vitabu, kozi na vyeti.

Fani hiyo inafundisha kwamba msanifu asichore peke yake. Lazima kwanza aorodheshe wahusika, yaani kila mtu ambaye ramani itamgusa. Hilo ni jema. Lakini tutazame wahusika hao wanavyopangwa. Katika njia moja inayotumika sana, msanifu huchora mraba wenye visanduku vinne. Hupima kila mhusika kwa mambo mawili: ana nguvu kiasi gani, na jambo lenyewe linamhusu kiasi gani. Mwenye nguvu nyingi ambaye jambo linamhusu sana, hushirikishwa kwa karibu. Mwenye nguvu nyingi ambaye halimhusu sana, huridhishwa. Asiye na nguvu wala halimhusu, huangaliwa kwa mbali tu. Na yule ambaye jambo linamhusu sana lakini hana nguvu, huarifiwa.

Ndugu msomaji, wewe uko kisanduku gani?

Mfanyakazi wa mashine na mchuma chai ndio jambo linaowahusu kuliko wote, maana watatumia mtambo huo kila siku. Lakini kwa kipimo cha nguvu wanaonekana wanyonge, kwa hiyo wanawekwa katika kisanduku cha kuarifiwa: tangazo linabandikwa ubaoni wakati mtambo umekwisha kununuliwa. Msanifu si lazima awe mtu mbaya. Pengine amefuata kitabu chake tu. Mtu hatoki katika kisanduku hicho kwa kulalamika kwamba amesahauliwa. Anatoka kwa kuongeza nguvu yake, na nguvu hiyo ina sehemu tatu: maarifa yake mwenyewe, umoja na wenzake, na haki iliyoandikwa. Hayo ndiyo waliyoyaona wenzetu wa kaskazini.

2. Chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norwe

Kristen Nygaard alikuwa mtaalamu wa hesabu na kompyuta mjini Oslo. Katika miaka ya 1960, yeye na mwenzake Ole-Johan Dahl, katika Kituo cha Kompyuta cha Norwe, walitunga lugha ya kompyuta iitwayo Simula. Kwa lugha hiyo mtu aliweza kuiga ndani ya kompyuta mwendo wa kiwanda kizima: foleni za vipuri, zamu za watu, mashine zinazongojana. Kazi yao iliheshimiwa sana duniani, na wote wawili walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, ambayo ni heshima kubwa kabisa katika fani ya kompyuta.

Nygaard aliona jambo lililomsumbua. Chombo alichokisaidia kuzaliwa kilitumiwa kupanga kazi za watu, na watu wenyewe hawakuwa na mtu wa kuwafafanulia. Wakuu wa kampuni walikuwa na wataalamu wao. Wafanyakazi hawakuwa na mtaalamu hata mmoja.

Wakati huohuo Chama cha Wafanyakazi wa Chuma na Metali cha Norwe nacho kilikuwa kikijiuliza juu ya kompyuta zilizokuwa zikiingia viwandani. Basi wakakubaliana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama na Kituo cha Kompyuta wakaanza mradi wa pamoja, na mradi huo ukaendelea hadi mwaka 1973.

Mpango wa kwanza ulikuwa wa kawaida. Wataalamu wangekwenda viwandani, wangewauliza wafanyakazi wanataka nini, wangechambua mitambo, kisha wangeandika ripoti. Lakini baada ya muda waliona kasoro. Ripoti ingekuwa nzuri, ingewekwa katika kabati la makao makuu, na mfanyakazi wa kiwandani angebaki palepale alipokuwa. Maarifa yangekuwa ya mtaalamu. Chama kingebaki kikimtegemea yeye kama mgonjwa anavyomtegemea mganga.

Kwa hiyo wakaugeuza mpango. Walisema kwamba matokeo ya mradi hayatakuwa ripoti. Matokeo yatakuwa ni yale ambayo chama chenyewe, makao makuu au matawini, kitayatenda kwa sababu ya mradi. Vikundi vya uchunguzi vikaundwa viwandani. Wafanyakazi wenyewe wakachunguza mtambo wa kupanga uzalishaji katika kiwanda chao: unakusanya habari gani, unaamua nini, umembana nani. Vitabu vya kufundishia vikaandikwa kwa ajili ya wanachama. Mtaalamu akageuka kuwa msaidizi na mwalimu.

Tuangalie kilichofuata. Mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Norwe na shirikisho la waajiri walitia sahihi mkataba wa nchi nzima juu ya mitambo ya kompyuta kazini. Wafanyakazi walipata haki ya kuarifiwa mapema na haki ya kuchagua mjumbe wao maalumu wa mambo ya kompyuta, ambaye hupewa mafunzo na nafasi ya kuzipata habari za mtambo. Na kilikuwamo kifungu kimoja ambacho tunataka kila tawi likikumbuke: habari hizo zitolewe kwa mpangilio mzuri, na kwa lugha inayoeleweka na mtu asiye mtaalamu. Mwaka 1977 sheria ya mazingira ya kazi ya nchi hiyo nayo ikaweka kwamba wafanyakazi na wajumbe wao waarifiwe juu ya mifumo inayopanga kazi yao, wafundishwe, na washiriki katika kuitengeneza.

Hapa tujipime. Ni mara ngapi tumeletewa karatasi ya kurasa 40 kwa Kiingereza au Kifaransa asubuhi ya mkutano, na jioni ikaandikwa kwamba wafanyakazi walishirikishwa? Mtu asiyeelewa ramani hawezi kuikubali wala kuikataa. Anaweza tu kuitikia.

3. Uswidi: haki ya kuzungumza kwanza

Nchini Uswidi bunge lilipitisha mwaka 1976 sheria ya kuamua pamoja kazini, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1977. Kwa sheria hiyo, mwajiri anayetaka kufanya badiliko kubwa kazini sharti aanze mazungumzo na chama kabla ya kuamua, bila kungoja aitwe. Wakati huo, kati ya mwaka 1975 na 1979, watafiti walikuwa wakifanya kazi pamoja na matawi ya vyama mahali mbalimbali pa kazi, ikiwa ni pamoja na karakana ya kutengeneza vichwa vya treni mjini Örebro. Huko nako wafanyakazi waliunda vikundi vya uchunguzi vyao wenyewe.

Uzoefu wa Uswidi ulionyesha faida na pia upungufu. Faida ni kwamba msanifu hakuweza tena kuchora gizani, sharti aonyeshe. Upungufu ni huu: mazungumzo yakishindikana, neno la mwisho hurudi kwa mwajiri. Na tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Mara nyingi chama kilipoitwa mezani, ramani ilikuwa imekwisha kuchorwa. Wafanyakazi waliweza kusema «hatutaki», lakini hawakuwa na ramani yao ya kuweka mezani wakasema «tunataka hivi».

Hii ndiyo tofauti tunayotaka ieleweke. Kupewa kiti mezani ni jambo moja, kuamua pamoja ni jambo jingine. Anayekuja mezani mikono mitupu atajadili mchoro wa mwenzake.

4. Kompyuta za boksi

Kutoka katika tatizo hilo ukazaliwa mradi uitwao UTOPIA, wa mwaka 1981 hadi 1985. Uliongozwa na umoja wa vyama vya wapiga chapa wa nchi za kaskazini, pamoja na watafiti wa Stockholm nchini Uswidi na wa Aarhus nchini Denmaki, akina Pelle Ehn, Susanne Bødker na Morten Kyng.

Wapiga chapa walikuwa na sababu ya kuhangaika. Kwa miaka mingi magazeti yalipangwa kwa herufi za risasi, kazi ya fundi aliyejifunza kwa miaka. Sasa herufi za risasi zilikuwa zikiondolewa, na kompyuta ilikuwa ikikaribia kuchukua hata kazi ya kupanga ukurasa. Chama hakikutaka kukataa tu. Kiliamua kutengeneza mtambo wake: chombo cha kupangia kurasa na picha ambacho fundi atakitumia kwa ujuzi wake na gazeti likatoka zuri.

Mwanzoni walikwama. Wasanifu wa kompyuta walileta michoro yao ya mishale na visanduku, kama walivyofundishwa chuoni. Mafundi waliitazama, na haikuwaambia kitu. Wasanifu nao walisikiliza maelezo ya mafundi juu ya ukurasa mzuri, nao hawakuushika ujuzi ule, kwa sababu ujuzi wa fundi umo mikononi na machoni kuliko mdomoni.

Ndipo wakabadili njia. Walichukua mbao, makaratasi na maboksi matupu, wakatengeneza mfano wa chumba cha kazi cha siku zijazo. Skrini ya kompyuta ilikuwa karatasi, au picha iliyomulikwa kwa mashine ya kuonyeshea picha. Boksi tupu liliandikwa kuwa ni mashine ya kuchapa kwa leza, mashine ambayo wakati huo ilikuwa ngeni kazini. Kisha fundi aliketi mbele ya kompyuta hiyo ya boksi na kupanga ukurasa kama kweli. Alipotaka picha ikuzwe, mtu alibadilisha karatasi kwa mkono.

Msomaji anaweza kucheka, watu wazima na maboksi. Lakini angalia faida yake. Boksi halimtishi mtu. Halina lugha ya kigeni. Likiwa baya unalikata kwa kisu ukatengeneza jingine, na hasara ni ndogo sana. Fundi hakuhitaji kuijua kompyuta ili aseme «hapa sioni ukurasa mzima, nitapangaje?» Alisema akiwa kazini kwake, kwa maneno ya kazi yake. Na msanifu aliona kwa macho yake mkono wa fundi ukitafuta kitu ambacho hakikuwamo katika mchoro. Tangu hapo wote wawili walikuwa wanachora.

Waswahili wana methali: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Msanifu hajalala katika kitanda hicho. Mfanyakazi amelala humo, lakini hajui kuchora kitanda kipya. Boksi liliwakutanisha.

5. Mipaka ya ushindi huo

Tusidanganyane. Mambo hayakwisha kama hadithi ya watoto.

Mtambo uliotokana na kazi ile ulifanyiwa majaribio katika gazeti la Aftonbladet mjini Stockholm, lakini haukuenea duniani. Mwaka 1985 programu ya kupangia kurasa iitwayo PageMaker ilitoka Marekani. Kwa programu hiyo mtu mmoja mwenye kompyuta ndogo mezani aliweza kupanga ukurasa peke yake, na vyombo vya namna hiyo ndivyo vilivyoenea. Chama kinaweza kutengeneza mfano bora, lakini soko haliongozwi na chama.

Tena, mradi ulikuwa wa wapiga chapa. Waandishi wa habari walikuwa na chama chao. Swali la nani apange ukurasa kwenye skrini, mwandishi au mpiga chapa, lilikuwa swali la vyama viwili, na hakuna boksi linaloweza kujibu swali hilo kwa niaba yao. Wahusika wakigawanyika, mwajiri huchagua anayempendeza.

Lakini tazama pia ilivyokuwa mahali pasipokuwa na maelewano. Mjini London mwezi Januari 1986, kampuni moja kubwa ya magazeti ilihamishia kazi katika kiwanda kipya cha Wapping kilichotayarishwa bila makubaliano na vyama vya wapiga chapa. Wafanyakazi waligoma, na zaidi ya 5,000 wakafukuzwa. Waliandamana nje ya kiwanda kile kwa muda wa mwaka mmoja hivi, hadi mgomo ukakoma mwaka 1987. Ramani ilikuwa imekwisha kuchorwa na ukuta umekwisha kusimama.

Kwetu Afrika Mashariki tumeona njia nyingine mbili. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hesabu za serikali kuvurugika zilipohamishiwa katika kompyuta. Na huko Kericho, Kenya, mwezi Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto na watu waliokasirika kwa sababu ya ajira zilizopotea. Hasira hiyo tunaielewa. Lakini marufuku huondolewa, na mashine iliyoungua hununuliwa nyingine, na ile mpya nayo huja na ramani iliyochorwa na mtu mwingine.

6. Zoezi: mizani ya chai

Sasa tufanye kazi yetu. Tuchukue mfano wa shamba la chai ambalo mwajiri anataka kuweka mizani ya kompyuta. Mchumaji anagusisha kadi yake, anatundika gunia, mizani inaandika kilo, na mwisho wa mwezi mshahara unatoka. Huu ni mfano wa kujifunzia. Kila kikundi kibadili maneno yalingane na kazi yake, iwe ni kiwanda cha nguo, cha sukari au cha saruji.

Kwanza, hesabu. Tuseme msanifu ameandika kwamba mizani isome kilo kamili tu na kuacha sehemu inayobaki. Kilo 14 na gramu 900 zinaandikwa 14. Kilo 14 na gramu 100 nazo zinaandikwa 14. Kwa wastani mchumaji anapoteza nusu kilo kila anapopima. Akipima mara 3 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, amepima mara 78. Nusu kilo mara 78 ni kilo 39 kwa mwezi. Wakiwa wachumaji 200, ni kilo 7,800 zilizochumwa bila kulipwa. Hakuna karani aliyeiba. Hakuna nyapara wa kulaumiwa. Ni mstari mmoja tu ndani ya programu, ulioandikwa na mtu ambaye pengine hajawahi kuliona shamba la chai. Kama mchumaji angekuwapo siku ile mstari ulipoandikwa, ungebadilishwa kwa dakika moja.

Pili, boksi. Kikundi kichukue boksi tupu, kiandike juu yake «MIZANI». Vipande vya boksi viwe kadi. Mtu mmoja awe mizani: anasema kwa sauti kile ambacho mizani ingekionyesha, wala asiseme zaidi. Mwingine awe karani, wawili wawe wachumaji, mmoja awe ofisi ya mishahara. Kisha mfanye kazi ya siku nzima kwa nusu saa, na katikati mlete mambo ya kweli:

– Mvua imenyesha, majani yana maji. Nani anaamua kilo ngapi zikatwe, na je, mchumaji anaiona hesabu hiyo?
– Kadi imepotea. Je, mtu atapima au atarudishwa nyumbani?
– Betri imekwisha saa 9 alasiri. Kilo za saa hiyo zitaandikwa wapi?
– Mama amechuma pamoja na binti yake mkubwa, wana kadi mbili na gunia moja.
– Ofisi inasema kilo 610, mchumaji anasema 650. Ana ushahidi gani mkononi?
– Mizani imeandika pia kwamba mtu alichelewa dakika 20. Nani aliomba habari hiyo iandikwe, na itatumika kwa nini?

Mtaona kwamba kila swali linaleta mstari mpya katika ramani. Yaandikeni yote. Karatasi hiyo ndiyo ramani yenu, nayo ndiyo ya kupeleka mezani.

7. Mambo ya kudai

Kutokana na hayo tuliyoyaona, tunapendekeza kila tawi litafute mambo sita yaingizwe katika mkataba wa hali bora za kazi:

(a) Tawi liarifiwe mtambo unapofikiriwa, kabla haujaagizwa.
(b) Habari zitolewe kwa lugha ambayo mwanachama wa kawaida anaisoma, na kwetu hiyo ni Kiswahili au lugha ya mahali.
(c) Wafanyakazi wachague mjumbe wao wa mambo ya mitambo, asichaguliwe na meneja.
(d) Mjumbe huyo na kikundi cha uchunguzi wapewe muda wa kazi na mafunzo. Anayejifunza usiku baada ya zamu atasinzia mezani.
(e) Mtambo ujaribiwe na watumiaji wenyewe, kwanza kwa mfano wa boksi, kisha kwa majaribio, na mkataba wa kununua usifungwe kabla ya hapo.
(f) Ionekane wazi ni habari gani zinazokusanywa juu ya mfanyakazi, nani anazisoma, na kosa linasahihishwaje.

Hatudai kuchukua kazi ya msanifu. Yeye ana elimu yake, nasi tunaihitaji. Tunadai kwamba elimu yetu nayo ihesabiwe kuwa elimu. Fundi anayesikia kwa mlio kwamba mashine itaharibika, mchumaji anayejua ni upande gani wa kilima majani huchelewa kukauka, hao wana habari ambazo hazimo katika mchoro wowote. Mtambo uliochorwa bila habari hizo utamsumbua hata mwajiri aliyeununua.

Na tuanzie kwetu. Tawi ambalo katibu wake huamua peke yake halitaweza kudai maamuzi ya pamoja kwa mwajiri. Katika kikundi cha uchunguzi wawepo wanawake na wanaume, vibarua na waajiriwa wa kudumu, na makarani pia, wasije wakagawanywa kama waandishi na wapiga chapa. Penye wengi hapaharibiki neno.

Maswali ya kujadiliana

1. Mahali pako pa kazi, ni mtambo gani wa mwisho kuletwa? Uliusikia lini kwa mara ya kwanza: ulipofikiriwa, ulipoagizwa, au ulipofungwa?
2. Ungewekwa katika kisanduku gani kati ya vile vinne? Ni jambo gani moja lingekuhamisha?
3. Kwa nini chama cha Norwe kilikataa kuiita ripoti «matokeo»?
4. Taja jambo moja unalolijua kuhusu kazi yako ambalo msanifu hawezi kulijua asipokuona ukifanya kazi.
5. Fanyeni zoezi la boksi kwa mtambo mmoja mnaoutumia sasa. Ni mstari gani mngeubadilisha kwanza?

Majibu ya swali la tano yaandikwe, yatiwe sahihi na kikundi kizima, na nakala moja ibaki tawini. Siku mwajiri atakapowaita mezani, msiende bila karatasi hiyo.